Umri wa Nguo: Mhadhara juu ya Mitumba



Jambo nililolileta mbele yenu leo ni jambo la sokoni, na huenda likaonekana dogo kwa mtu aliyezoea kusikia mihadhara juu ya serikali, dini na elimu; lakini vazi humfuata binadamu tangu winda la uchangani mpaka sanda, na ghairi ya chakula sijui bidhaa inayonunuliwa na watu wengi hivyo, mara nyingi hivyo, na kwa fikira haba hivyo. Kwa hiyo naomba nisikilizwe kwa subira nikieleza kwa nini naamini kwamba mtu anunuaye nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine, akaichagua kwa macho mawili, akaitengeneza na kuitunza, anafanya tendo la busara na la insafu. Na kwa nini naamini vilevile kwamba tendo hilo jema limo hatarini, kwa sababu nguo mpya nyingi zinazotengenezwa duniani siku hizi hazikukusudiwa kuwa na maisha ya pili, wala hata maisha ya kwanza yaliyo kamili.

Naanza na aibu, kwa kuwa ndiyo inayowazuia wengi kusema kweli. Wapo watu wenye nafasi zao katika miji yetu wanaonunua koti katika masoko ya mitumba ya Karume, Kongowea au Gikomba, kisha wakiulizwa wamelipata wapi hujibu kwamba wameletewa na jamaa aliye Ulaya. Aibu hiyo ina asili, na asili yake si ya upuuzi. Katika pwani hii vazi lilikuwa shahada ya daraja ya mtu. Baada ya Seyyid Said bin Sultan kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, merikebu kutoka Salem, mji wa Massachusetts, zilileta Unguja majora kwa majora ya kitambaa kizito cha pamba, ile marekani tuijuayo, nayo ikapanda bara na misafara hata ikawa sawa na fedha, wapagazi wakilipwa kwayo na watemi wakitoza kwayo hongo njiani. Marekani hiyo, pamoja na kaniki iliyotoka Bara Hindi, ndiyo iliyokuwa mavazi ya watumwa. Na utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru wao waliiacha kaniki wakajitanda kanga za rangi, ili kila mwenye macho ajue kwamba wao si mali ya mtu. Watu walioutangaza uungwana wao kwa kuvaa kipya, wasilaumiwe wao wala wajukuu wao kwa kuona uzito kuvaa kilichotoka mwilini mwa mwingine.

Lakini heshima ya wazee wale haikuwa katika upya peke yake, ilikuwa katika kudumu. Doti moja ya kanga ilivaliwa harusini, ikahifadhiwa sandukuni pamoja na udi, ikatolewa siku za Idi, ikashuka kuwa ya nyumbani rangi ilipofifia, ikambeba mtoto mgongoni, ikaingia jikoni, na mwisho wa yote ikawa tambara la kupangusia; na safari hiyo, tangu dukani mpaka kuwa tambara, ilichukua miaka mingi, na kila hatua yake ilikuwa na haja yake. Kanzu ya baba ilipunguzwa ikawa ya mwana. Hakuna aliyesema kwamba mwana huyo amedhalilika.

Kinyume cha desturi hiyo ndicho kiitwacho fasheni ya haraka. Zamani wauza nguo wa Ulaya walitoa mitindo yao kwa misimu, ya baridi na ya joto, na baina ya msimu na msimu mtu alikuwa na muda wa kuivaa nguo yake. Wakatokea wafanyabiashara waliogundua kwamba faida haimo katika kushona nguo njema, imo katika kumfanya mnunuzi aichoke nguo aliyo nayo. Zara ya Uhispania, iliyofungua duka lake la kwanza katika mji wa A Coruña mwaka 1975, iliizoeza dunia kupokea mali mpya madukani mara mbili kwa juma. Na wauzaji wa mtandaoni waliokuja baadaye, kama Shein, wakaiharakisha kasi hiyo hata haina tena msimu wala juma. Kati ya mwaka 2000 na 2015 wingi wa nguo zilizotengenezwa duniani uliongezeka karibu mara mbili, na katika muda huohuo idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kutupwa ikapungua. Naomba mambo hayo mawili yatazamwe pamoja, maana moja ndilo mzazi wa lenzake.

Bei ya nguo hizo ni ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yake hulipwa na watu wasiokuwapo dukani. Fulana moja ya pamba huhitaji maji kadiri ya lita 2,700 tangu shambani mpaka kiwandani, ambayo ni maji ya kunywa ya mtu mmoja kwa miaka miwili na nusu. Poliesta, uzi uliovumbuliwa Uingereza na Whinfield na Dickson mwaka 1941, hutokana na mafuta yachimbwayo ardhini, na sasa imekuwa zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa. Nguo yake ikifuliwa humwaga majini chembe za plastiki zisizoonekana kwa jicho, na ikitupwa haiozi katika umri wa aliyeivaa, wala wa mwanawe.

Juu ya yote hayo iko damu. Katika Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, lilikuwapo jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, ambamo viwanda kadhaa vilishona nguo kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika nguzo na kuta, na watu wakatolewa. Benki iliyokuwa chini ikawazuia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji, ambao wengi wao walikuwa wanawake vijana, waliamriwa kurudi kesho yake, na wenye kusita wakatishwa kwamba mshahara wao utakatwa. Wakapanda ngazi, wakakaa kwenye vyerehani, na kabla ya saa tatu za asubuhi jengo likawaangukia. Waliokufa ni 1,134. Waliojeruhiwa walizidi 2,500, na baadhi yao walikatwa viungo papo hapo chini ya kifusi ili watolewe wakiwa hai. Oda zilikuwa na tarehe, na mali iliyochelewa ilikatwa bei. Hiyo ndiyo sababu nyufa hazikungojwa. Mimi siwezi kuitazama fulana mpya ya bei ya kutupa nikasema ni rahisi.

Madhali gharama hiyo imekwisha kulipwa, maji yamekwisha kutumika na mkono wa mshonaji umekwisha kuchoka, haki ya chini kabisa tuwezayo kuitendea nguo hiyo ni kuivaa mpaka imalizike. Shati la mtumba halidai pamba mpya wala rangi mpya, na kila mwaka linaovaliwa zaidi huzigawanya gharama zile za mwanzo katika siku nyingi zaidi. Lakini fadhila hiyo ina sharti moja, nalo husahauliwa: lazima mtumba ukae mahali pa nguo mpya ambayo ingalinunuliwa. Mtu anunuaye mashati kumi kwa sababu ni ya bei nafuu, akavaa mawili na manane yakajaza kabati, hajaiacha fasheni ya haraka. Ameingia katika nyumba ileile kwa mlango wa uani. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu nimeona katika vijana wetu, na katika watu wazima pia, israfu ileile ya ughaibuni ikifanywa kwa mali iliyokuja kuiponya.

Huko ughaibuni nguo zilikoanza safari, mwenyewe huzipeleka kwa jumuiya ya sadaka, mfano wa Oxfam ambayo ilianza duka lake katika mji wa Oxford miaka ya 1940, naye hurudi nyumbani akidhani zitagawiwa maskini. Baadhi huuzwa palepale, na zilizosalia huuziwa wafanyabiashara kwa kilo. Hapo huanza tijara kubwa ya kuchambua: ziko ghala za kazi hiyo Ulaya, ziko Sharjah katika Ghuba, ziko Kandla katika Bara Hindi, na humo nguo hutengwa kwa aina na daraja, zisizofaa kuvaliwa zikawa matambara ya karakana, na sufu kuukuu zikapelekwa Panipat, hukohuko Bara Hindi, kusagwa na kusokotwa upya ziwe mablanketi. Zinazofaa hushindiliwa kwa mashine ziwe marobota, zikapakiwa meli.

Alfajiri, jua likiwa bado halijagusa mabati ya Karume, mchuuzi hulilaza robota lake juu ya turubai. Uzito wake aghalabu ni kilo 45 au zaidi, na halikupata kufunguliwa tangu liliposhindiliwa. Alichoambiwa mwenyewe ni jina la aina tu, blauzi, magauni, jinzi za kiume, mashuka, na kwa jina hilo ametoa fedha zake zote, pengine na za mkopo wa kikundi. Mikanda ikikatwa, nguo hufumuka zikapanda juu zenyewe, na harufu ya dawa ikaenea. Wanunuzi wa kwanza, ambao ni wenye vibanda vizuri na maduka ya mjini, wamekwisha kuzunguka, kwa kuwa kuchagua mwanzo kuna bei yake. Mali hiyo ya juu kabisa Nairobi huiita kamera. Nyuma yao huja wachuuzi wadogo watakaotembeza begani. Kisha bei hushuka kadiri saa zinavyopanda, mpaka kufika mchana mabaki yanarundikwa na kunadiwa kwa sauti, chagua yoyote, bei moja. Mwenye robota hajui kama amepata au amepatikana mpaka aishike nguo ya chini kabisa.

Mnunuzi mjuzi naye haanzi na rangi. Huigeuza nguo ndani nje, akafuata mishono kwa kidole. Huinyanyua mbele ya mwanga aone palipopungua uzi, hasa magotini, makalioni na kwapani. Huvuta zipu kwenda na kurudi. Halafu huchungulia ndani ya pindo na ubavuni aone kama kumeachwa kitambaa cha akiba. Hilo la akiba nawaomba mlitie maanani. Suruali iliyoachiwa akiba ndani yaweza kutanuliwa na kurefushwa, na kwa hiyo yaweza kumhama mtu mmoja ikamwendea mwingine. Isiyoachiwa hufa pamoja na kiuno cha mwenyewe wa kwanza. Washonaji wa zamani waliiacha akiba hiyo kwa sababu walijua mwili hubadilika. Mwenye kiwanda cha fasheni ya haraka huiondoa kwa sababu sentimita mbili za kitambaa, zikizidishwa kwa mamilioni ya suruali, ni fedha nyingi. Basi ukiipindua nguo utasoma ndani yake nia ya aliyeitengeneza, kwa uwazi kuliko tangazo lolote.

Pembeni mwa soko wako mafundi wenye vyerehani, wapunguzao, wafupishao na kutililia, na kati yao wamebaki wachache wajuao kugeuza kola. Shati huzeeka shingoni kwanza. Fundi huifumua kola iliyochakaa, akaigeuza upande uliokuwa umejificha uje juu, akaishona tena mahali pake, na shati likapata miaka mingine. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, wala haihitaji kitu kipya ila uzi. Lakini kola iliyogundishwa kwa gundi badala ya kushonwa, kama zilivyo nyingi za siku hizi, ikifumuliwa hukunjamana isinyooke tena, na fundi humrudishia mwenyewe akisema, "Hii, kaka, haitengenezeki."

Juu ya afya nitasema machache: nguo hufuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa, na nguo za ndani za mitumba, ambazo Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku, zisinunuliwe kabisa.

Sasa nafika kwenye hoja nzito. Wapo wasemao kwamba mitumba ndiyo iliyoviua viwanda vyetu, nao si watu wa kupuuzwa. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa fahari ya taifa changa. Mwanza ilikuwa na Mwatex, Musoma ilikuwa na Mutex, Eldoret ilikuwa na Rivatex, Jinja ilikuwa na Nytil, na maelfu ya familia walikula kwa mitambo hiyo. Mchumi Garth Frazer wa Toronto, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2008, alikadiria kwamba nguo za mitumba zilisababisha kadiri ya asilimia 40 ya kuporomoka kwa utengenezaji wa nguo katika Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000. Siikani hesabu hiyo, na mpenda mitumba anayeificha hatendi haki. Lakini asilimia 40 si mia. Wazee waliomo humu wanakumbuka kwamba mitambo yetu ilikwisha kulegea kwa kukosa vipuri, umeme na fedha za kigeni kabla biashara haijafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na kwamba watu walipanga foleni kwa ajili ya doti ya kanga wakarudi mikono mitupu. Mtumba ulipoingia uliwakuta watu wanahitaji stara, ukawasitiri.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuuondoa mtumba hatua kwa hatua mpaka mwaka 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzinyima nchi zetu nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru kwa mujibu wa mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda, ambayo ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.50, ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo. Naistahi Rwanda kwa kukataa kutishwa, maana ni fedheha kwa taifa kulazimishwa kununua nguo lisizozitaka. Hata hivyo, mahali palipoachwa wazi na mtumba hapakujazwa na pamba ya nyumbani tu. Nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia ziliingia pia, na hizo ndizo adui wa kiwanda na wa mtumba kwa pamoja. Pamba ya Simiyu na Shinyanga, ambayo sehemu yake kubwa huuzwa nje kabla ya kusokotwa, haitakuwa shati kwa sababu ya marufuku peke yake.

Na hapa ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Wachuuzi waliofungua marobota kwa miaka mingi, ukiwauliza Karume au Gikomba, watakwambia neno moja: mali imeharibika. Nguo zilizo bora sasa huuzwa hukohuko Ulaya baina ya mtu na mtu kwa kutumia programu za simu kama Vinted, iliyoanzia Lithuania mwaka 2008. Na zinazosalia kuingia robotani ni zilezile za fasheni ya haraka, nyepesi, zisizo na akiba, zilizokwisha kuvimba nyuzi kwa kufuliwa mara chache. Kisichouzika huishia jalalani, kama nguo zionekanavyo Dandora, Nairobi, na katika fukwe za Accra, na katika jangwa la Atacama, karibu na Alto Hospicio nchini Chile, ambako malundo yake yameonekana kama vilima. Mtupaji wa kwanza yuko mbali, na jina lake halimo katika uvundo huo.

Hasara ya kwanza humwangukia mchuuzi. Yeye ndiye aliyenunua robota lililofungwa, na moto ukizuka, kama ulivyoliteketeza soko la Karume Januari 2022 na soko la Kantamanto la Accra Januari 2025, ni yeye aonaye mtaji wake ukigeuka majivu. Ulaya imeweka sheria kwamba tangu Januari 2025 nguo zikusanywe mbali na takataka nyingine, na Ufaransa tangu 2007 imewatoza waingizao nguo sokoni mchango kwa ajili ya mwisho wa nguo hizo. Sheria hizo nazisifu. Ila ukusanyaji ukizidi na ubora usizidi, kitakachozidi ni marobota mabaya, na mchango ule wa Paris haulijui soko la Karume.

Kwa hiyo nawaomba wenye amri, na nyinyi wapiga kura mnaowatuma, mambo ambayo si makubwa kuliko uwezo wetu. Ufundi wa kurekebisha nguo, kugeuza kola, kutanua na kutililia, ufundishwe vyuoni kwa heshima ileile wanayopewa wafundishwao kushona suti. Mchango wanaolipa watengenezaji wa Ulaya uisafiri safari ya nguo yenyewe, na sehemu yake iwafikie wanaouzika mwisho wa nguo hizo kwa mikono yao. Ushuru wa bandarini usitozwe kwa kilo tu, mtumba mwema na taka zikalipishwa sawa, bali utofautishe daraja. Na kila robota likishushwa Dar es Salaam au Mombasa liwe na karatasi yenye jina la aliyelichambua, nchi alikolichambulia na daraja ya kila kilichomo, ili mama wa Karume aliyekopa akalinunua, akakuta theluthi yake haivaliki, awe na mtu wa kumdai na sheria ya kumdaia.